Ujauzito Ndani ya Miezi Sita ya Kwanza ya Ajira

Niliripoti kazini Kurasini tarehe 1 Februari, katika kampuni ya uwakala wa forodha, na kabla Machi haijafika katikati nikafahamu kwamba nina ujauzito. Aliyewahi kuhama kazi anaelewa uzito wa jambo hilo. Mkataba wangu ulikuwa na kipindi cha majaribio cha miezi sita, kazi ya zamani nilikuwa nimekwisha kuiaga, na mume wangu, ambaye ni fundi wa kujitegemea, alikuwa anaingia katika masika, msimu ambao kazi za ujenzi hapa Dar es Salaam husimama kwa wiki nzima nzima. Tangu wakati huo nimeulizwa maswali yaleyale na wanawake wengi: je, mtu ambaye hajamaliza mwaka anapata likizo ya uzazi? Je, anaweza kuondolewa? Je, alipaswa kusema wakati wa usaili? Naandika niliyoyapitia na niliyoyasoma, kwa sababu majibu niliyopewa mwanzoni na watu walionitakia mema yalikuwa mengi, na karibu yote hayakuwa sahihi.

Shangazi yangu, aliyestaafu ualimu, alikuwa na hakika kwamba ni lazima kutimiza mwaka mmoja. Dada mmoja tuliyekuwa tukipanda naye daladala moja kila asubuhi kutoka Kigamboni aliniambia kwamba aliye kwenye majaribio hana haki yoyote, awe mjamzito au mgonjwa, na kwamba akiondolewa haondoki na kitu. Rafiki yangu wa chuo alisema kinyume chake kabisa: mwanamke mwenye mimba hagusiki Tanzania, akifukuzwa mwajiri anafungwa. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha jambo lenyewe.

Jambo lenyewe limo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayotuhusu sisi wa sekta binafsi. Kifungu cha 33 kinampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna mahali kinaposema mwaka mmoja. Kinachosemwa ni miezi sita, nacho hakimo katika kifungu hicho bali katika kifungu cha 29, mwanzoni mwa sehemu yote ya likizo, ambapo sheria inaeleza kwamba mwajiriwa mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sehemu hiyo. Wanaofungua moja kwa moja ukurasa wa likizo ya uzazi wanalikosa sharti hilo, na wanaolisikia kwa mdomo hulipokea likiwa limekwisha kugeuka kuwa mwaka. Hata hapo nilijifunza kutofautisha mambo mawili. Kinachozuiwa kwa asiyetimiza miezi sita ni malipo ya likizo. Katazo la kifungu cha 33 kwamba mama asifanye kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari amethibitisha kwamba anaweza, halikuandikiwa muda wowote wa utumishi.

Miezi hiyo sita inahesabiwa kutoka siku ya kuanza kazi. Barua ya kuthibitishwa kazini haihusiani na hesabu hiyo, na kipindi cha majaribio ni sehemu ya utumishi kama miezi mingine. Hili nilihitaji kulisoma mara kadhaa, kwa kuwa maofisini kwetu mtu aliye kwenye majaribio huzungumzwa kana kwamba bado yuko mlangoni.

Sasa ije hesabu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Kliniki nilikoanza ni kituo cha afya cha serikali upande wa Kigamboni. Unafika alfajiri, unaweka kadi yako kwenye foleni ya kadi, unakaa kwenye benchi la saruji ukisikiliza semina ya nesi kuhusu chandarua, vidonge vya kuongeza damu na dalili za hatari, na walioandamana na waume zao wanaitwa kwanza, jambo ambalo huwafanya wengine wamtume hata shemeji. Zamu yangu ilipofika nesi aliniuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Nikamwambia tarehe 8 Januari. Alichukua gurudumu dogo la karatasi ngumu lililochakaa pembeni, akazungusha duara la ndani mpaka mshale ukatua kwenye tarehe hiyo, akasoma upande wa pili, kisha, kwa kutoliamini sana gurudumu, akarudia kichwani: ongeza siku saba, rudisha miezi mitatu nyuma. Akaandika kwenye kadi, kwa kalamu ya buluu, tarehe 15 Oktoba.

Tarehe hiyo moja ndiyo iliyopanga mwaka wangu wote wa kazi. Kifungu cha 33 kinamtaka mwajiriwa ampe mwajiri taarifa ya kusudio la kuchukua likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua, na taarifa hiyo iambatane na cheti cha daktari. Miezi mitatu kabla ya tarehe 15 Oktoba ni tarehe 15 Julai. Likizo yenyewe inaweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi ikiwa daktari amethibitisha kwamba afya ya mama au ya mtoto inahitaji hivyo. Wiki nne kabla ya tarehe 15 Oktoba ni katikati ya Septemba. Mimi nilikuwa natimiza miezi sita ya utumishi tarehe 31 Julai. Kwa hiyo kuhusu likizo yenye malipo nilikuwa salama: wakati wa kwenda likizo ningekuwa na zaidi ya miezi saba kazini. Nilipoielewa hesabu hii niliona pia kwamba hofu ya wanawake wengi haina msingi kwa upande huo. Mtu akishika mimba baada ya kuanza kazi, miezi tisa ya mimba huwa mirefu kuliko miezi sita ya sheria, na likizo itamkuta amekwisha kutimiza, isipokuwa ajifungue mapema mno. Mwenye shida ya kweli ni yule aliyeripoti kazini akiwa tayari na mimba ya miezi mitatu au minne.

Hatari yangu ilikuwa mahali pengine. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 37, inasema kwamba sababu inayohusiana na ujauzito si sababu halali ya kuachisha kazi. Rafiki yangu wa chuo alikuwa amesikia kuhusu kifungu hicho. Lakini vifungu viwili nyuma yake, kifungu cha 35, kinaeleza kwamba kinga zote za sehemu ile dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali hazimhusu mwajiriwa mwenye ajira ya chini ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo, iwe kwa mkataba mmoja au mikataba kadhaa. Weka tarehe kwenye mstari uone: taarifa ya likizo natakiwa kuitoa kabla ya tarehe 15 Julai, na kinga ya kutoachishwa kazi inaanza baada ya tarehe 31 Julai. Sheria inanitaka nimtangazie mwajiri wangu mimba yangu nikiwa bado nje ya ukuta wake.

Sidhani waandishi wa sheria walikusudia hivyo. Nadhani vifungu hivi viliandikwa kila kimoja kwa shida yake, na hakuna aliyekaa na gurudumu la nesi akaviweka pamoja. Lakini kwa mwanamke aliyeshika mimba katika siku za mwanzoni kabisa za kazi mpya, pengo hilo lipo kila mara, na ni vyema alijue kabla hajaamua lini aseme.

Wengine huamua kunyamaza mpaka miezi sita ipite, na wanavaa dera mpaka Agosti. Nimewaza sana juu ya njia hiyo na simlaumu anayeifuata. Kwangu ilikuwa na kasoro mbili. Taarifa iliyochelewa inampa mwajiri neno la kusema, hata kama neno hilo si zito. Na kazi yangu yenyewe ilikuwa haifichiki: nyaraka za mizigo zilipokuwa zimejaa tulikaa ofisini hadi usiku, na wakati mwingine nilitumwa kwenye maghala ya makontena kuhakiki namba za lakiri, kazi ya kupanda na kushuka chini ya jua. Sheria inamkataza mwajiri kumruhusu mjamzito au mama anayenyonyesha kufanya kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inamtaka ampe kazi nyingine inayofaa, inapowezekana, kwa masharti yasiyo duni kuliko yale ya awali. Inakataza pia mjamzito kufanya kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili alfajiri, katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na kabla ya hapo akiwa na cheti cha daktari. Na baada ya kujifungua, kwa miezi miwili vilevile. Hizo ni haki ambazo huwezi kuzidai kwa siri.

Kilichonipa moyo wa kusema ni kifungu cha 7. Hicho kinakataza mwajiri kumbagua mwajiriwa, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, katika sera au utaratibu wowote wa ajira, na katika orodha ya misingi ya ubaguzi iliyokatazwa, pamoja na rangi, kabila, dini, jinsia na ulemavu, ujauzito umetajwa kwa jina lake. Kifungu hicho hakina sharti la miezi sita. Tena kinamhesabu hata mwombaji wa kazi kuwa mwajiriwa, maana yake ni kwamba katazo linaanzia kwenye chumba cha usaili. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mwanamke kutangaza mimba mbele ya jopo. Zaidi ya hayo, mwajiriwa akishaonyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba alichofanya hakikuhusiana na msingi huo. Kwa mtu wa miezi mitano kazini, hiyo ndiyo kinga aliyonayo, na si ndogo ikiwa ana karatasi za kuonyesha dalili zenyewe.

Nasema karatasi kwa makusudi. Mwanasheria wa msaada wa kisheria niliyekwenda kumwona (katika jiji hili huduma hiyo hutolewa na taasisi kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) hakunipa hotuba. Alisoma mkataba wangu wote, akaniuliza mishahara yangu inaingiaje, kisha akaniambia kwamba kesi nyingi za namna hii hukwama kwa sababu mama alimwambia bosi wake kwa mdomo, bosi akampongeza kwa mdomo, na mwezi uliofuata kazi ikaisha kwa barua inayozungumzia utendaji. Alinishauri pia nisilitegemee mno neno la kuthibitishwa. Mahakama zetu zimewahi kukieleza kipindi cha majaribio kuwa ni usaili wa vitendo, na mwongozo wa utendaji bora wa mwaka 2007 unaruhusu kipindi hicho kufika hata miezi 12, kwa hiyo miezi sita ya mkataba si lazima iwe ndiyo mwisho wake. Kinachohitajika, alisema, ni rekodi inayoonyesha kwamba kazi yangu ilikuwa inasifiwa mpaka siku niliyosema nina mimba.

Kwa hiyo Mei na Juni nilifanya kitu kimoja kwa bidii: nilihakikisha kila tathmini ya mwezi ninayopewa kwa mdomo inafuatiwa na barua pepe fupi kutoka kwangu, kwa adabu zote. "Asante kwa maelezo ya leo, nimefurahi kusikia kwamba hesabu za Mei zimekamilika kwa wakati, na nitarekebisha suala la risiti za ushuru kama ulivyoelekeza." Msimamizi wangu alijibu kwa neno moja moja, "Sawa" au "Vizuri," na maneno hayo mawili yalikuja kuwa na thamani.

Barua yangu ya likizo niliipeleka wiki ya kwanza ya Julai. Ilikuwa ya ukurasa mmoja: jina, wadhifa, tarehe ya kuanza kazi, tarehe inayotarajiwa ya kujifungua, tarehe ninayokusudia kuanza likizo ambayo ilikuwa tarehe 1 Oktoba, kutajwa kwa kifungu cha 33, na cheti cha daktari kilichoambatishwa. Nilichapa nakala mbili. Dada wa mapokezi alizipokea zote, akazigonga muhuri wenye tarehe, akasaini juu ya muhuri, akaingiza kwenye daftari la barua, akanirudishia nakala moja huku akinitazama tumbo kwa mara ya kwanza bila kujizuia. "Hongera, mwaya," alisema. Nakala hiyo niliipiga picha kabla sijafika mezani kwangu.

Siku mbili baadaye niliitwa na ofisa rasilimali watu. Sitamtendea haki nikimchora kama mtu mbaya, kwa kuwa alikuwa na aibu ya kweli na alianza kwa kuniuliza hali yangu. Kisha akasema kwamba mkurugenzi ameshangaa sikusema wakati wa usaili. Nikamweleza kwamba wakati wa usaili mimba haikuwepo, na kwamba hata ingekuwepo nisingewajibika kusema. Akanyamaza, halafu akaleta pendekezo ambalo nimekuja kusikia kwamba limewahi kuletwa kwa wengine kwa maneno yaleyale: niandike barua ya kuacha kazi kwa hiari yangu, kampuni itanilipa mwezi mmoja kwa wema, na nikishajifungua na kupata nguvu nitaomba upya, nafasi itakuwepo. Karatasi ilikuwa tayari mezani, imechapwa, imebaki saini.

Barua ya namna hiyo inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inamwondoa mwajiri katika suala zima la kuachisha kazi, kwa sababu aliyeacha kwa hiari hakuachishwa, na kupinga baadaye kwamba ulilazimishwa ni mzigo mkubwa wa kuthibitisha. Pia inakata utumishi wako, hivyo ukirudi baada ya kujifungua unaanza upya siku ya kwanza. Nilimwambia kwa upole kwamba nimelisikia pendekezo, kwamba naomba niletewe kwa maandishi ili nilitafakari na familia, na kwamba kwa siku hiyo sisaini kitu. Alasiri nikamwandikia barua pepe nikirejea mazungumzo yetu, nikitaja pendekezo hilo, tarehe yake na saa yake. Hakuna maandishi yaliyoletwa. Karatasi ile sikuiona tena.

Tarehe 31 Julai ilipita kama siku nyingine yoyote. Agosti nilipewa barua ya kurefusha majaribio kwa miezi mitatu, bila maelezo ya kasoro yoyote. Niliipokea kwa kusaini kwamba imenifikia, nikaandika chini ya saini kwamba sikubaliani na kwamba tathmini zangu zote zimekuwa nzuri, kisha nikaiacha. Mwanasheria aliona kwamba si vita ya kupigana nikiwa na mimba ya miezi saba, na nilikubaliana naye. Mshahara ulikuwa unaingia, kazi za maghalani nilikuwa nimeondolewa kwa cheti cha daktari, na kuanzia katikati ya Agosti nilitoka ofisini mapema, hata siku ambazo wenzangu walikesha wakisubiri mfumo wa forodha urudi hewani. Baadhi yao waliniona nadeka. Nadhani ningeona hivyo pia, kama ningekuwa mimi ninayebaki.

Kama ningeachishwa, njia ilikuwa ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hapo pia tarehe ndizo zinazotawala. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima aeleze kilichomchelewesha, na nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba mama aliyejifungua wiki ile aliyopewa barua ndiye huchelewa kuliko wote. Kufungua shauri hakuhitaji wakili. Kuna fomu maalumu, inajazwa, nakala moja anapelekewa mwajiri, na tume huanza kwa usuluhishi kabla ya kufika kwenye uamuzi.

Naona ni haki kusema neno kwa upande wa mwajiri, maana nimefanya kazi ya hesabu na namba zake nazijua. Likizo ya uzazi hapa kwetu hulipwa na mwajiri mwenyewe, mshahara kamili, na wakati huohuo anahitaji mtu wa kushika kazi iliyoachwa. Kampuni kubwa haihisi. Ofisi ya watu kumi na wawili inahisi, hasa mwanamke anapoondoka mwaka uleule aliofundishwa kazi. Hilo halihalalishi karatasi ile iliyokuwa mezani, ila linaeleza kwa nini ilikuwepo, na linanifanya niamini kwamba maadamu gharama yote iko juu ya mwajiri mmoja mmoja, wanawake vijana wataendelea kuulizwa kwenye usaili kama wameolewa.

Kuna fungu jingine ambalo halitoki mfukoni mwa mwajiri, na wengi wanaohama kazi hulipoteza kwa kudhani limebaki kule walikotoka. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, una fao la uzazi kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 36, ambapo 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 iliyotangulia kujifungua. Michango humfuata mwanachama kwa namba yake. Mimi nilikuwa nimechangiwa na mwajiri wa zamani kwa miaka kadhaa, na miezi michache ya Kurasini ikaongezeka juu yake. Kilichonisumbua ni miezi miwili ambayo mwajiri wa zamani alikata kwenye mshahara na haikuonekana kwenye taarifa ya michango, na nilihitaji hati zangu za zamani za malipo ya mshahara kuonyesha makato. Anayehama kazi asizitupe. Bima ya afya ni habari nyingine: bima nyingi za binafsi huweka muda wa kusubiri kabla ya kugharamia uzazi, na kadi mpya ya kazini isikufanye uache kuweka akiba ya kujifungulia.

Mtoto alizaliwa tarehe 12 Oktoba, hospitali ya serikali, salama. Kama angewahi sana, mambo yangekuwa tofauti, ingawa marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemfikiria mama wa mtoto njiti kwa kumwongezea muda wa likizo. Mume wangu, kwa kuwa hajaajiriwa, hakuwa na likizo ya kuomba. Ndugu yake aliyeajiriwa, alipopata mtoto wake mwenyewe, alipewa zile siku tatu ambazo sheria inampa baba, nazo huchukuliwa ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, na alizimaliza kwenye foleni za kadi na vibali kabla hajamshika mtoto vizuri.

Siku 84 zinahesabiwa pamoja na Jumapili na sikukuu. Kuanzia tarehe 1 Oktoba ziliisha tarehe 23 Desemba. Nilikuwa nimechagua kuanza likizo karibu na kujifungua ili nibakize nyingi za kukaa na mtoto, na kwa aliye na afya njema na kazi ya kukaa naona ni uamuzi mzuri, ila usipangwe bila daktari. Nilirudi baada ya Krismasi kwenye meza ileile na mshahara uleule, kama kifungu kinavyotaka: masharti yaleyale ya ajira. Barua ya kuthibitishwa kazini niliikuta kwenye droo, imesainiwa Novemba, nikiwa nyumbani. Hakuna aliyeniambia.

Kunyonyesha ndiko kulikokuwa na mjadala mrefu kuliko nilivyotarajia. Sheria inamtaka mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto wakati wa saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Ofisa rasilimali watu alizielewa saa hizo kuwa mapumziko mawili ya saa moja moja, na kwa anayeishi Kurasini au Mtoni hilo lingewezekana. Mimi nakaa ng'ambo ya daraja, na kwa bajaji na daladala safari ya kwenda na kurudi inakula muda wote huo kabla mtoto hajashika ziwa. Nilimwandikia nikipendekeza saa zote mbili ziwekwe mwisho wa siku, niondoke saa tisa badala ya saa kumi na moja, na mchana nipewe stoo ya mafaili yenye kitasa ili nikamue maziwa. Alikubali jambo la saa kwa maandishi. Stoo aliikubali kwa mdomo, na kitasa nilikinunua mwenyewe Kariakoo. Msimamizi wangu alizoea baada ya wiki chache, isipokuwa siku za mwisho wa mwezi ambapo alikuwa akija mezani kwangu saa nane na nusu na faili mkononi, anasimama, anatazama saa ya ukutani, anarudi nalo.

Limebaki suala la mtoto wa pili, ambalo huko kazini hulizungumza kwa utani na mimi nimelisoma bila utani. Mwajiri analazimika kutoa likizo ya uzazi yenye malipo kwa awamu nne, na siku 84 ni haki ndani ya mzunguko mmoja wa likizo, ambao kwa likizo hii ni miezi 36 mfululizo. Wengi huanza kuhesabu miezi hiyo siku ya kujifungua. Sheria inaihesabu kutoka siku ya kuanza ajira. Mzunguko wangu ulianza tarehe 1 Februari niliporipoti, kwa hiyo utafungwa tarehe 31 Januari ya mwaka wa nne, wakati mwanangu ana miaka miwili na miezi mitatu hivi, na mpya utaanza kesho yake. Mume wangu anasema huo ndio uzazi wa mpango wa kwanza aliousikia unaopangwa na Wizara ya Kazi, lakini tarehe ameiandika.